Mfalme Alisema "Abhorrent". Sawa, Lakini Nani Alifanya?

Tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles III wa Uingereza alisimama kwenye dhifa ya kitaifa pale Ikulu, Nairobi, akasema Wakenya waliopigania uhuru walitendewa ukatili ambao ni "abhorrent" na usioweza kuhalalishwa. Akasema hakuna kisingizio. Akataja huzuni kubwa na majuto mazito. Lakini lile neno ambalo mashirika ya haki za binadamu yalikuwa yamemwomba alitamke, yaani msamaha, halikutoka.

Baada ya hapo mnajua vile tulibishana. Wengine walisema, "Si basi ameomba msamaha, mnataka nini tena?" Wengine wakasema, "Hapana, amezunguka tu." Mimi nilifuata huo mjadala wote na nikaona kitu kimoja kinarukwa. Kila mtu alikuwa anatafuta neno ambalo halikusemwa. Hakuna aliyekuwa anaangalia lile lililosemwa.

Kwa hivyo leo tuliangalie. Mimi si profesa wa lugha, lakini hili neno lina historia yake, na hiyo historia inaeleza kwa nini lilichaguliwa. Maneno ya mtu mkubwa kama huyo huwa yamepimwa kwa mizani kabla ya kufika mezani.

Tuanze na mizizi. "Abhorrent" inatoka kwa Kilatini. Kuna kitenzi "horrere", maana yake ni nywele kusimama, mwili kusisimka, mtu kutetemeka kwa hofu. Ndipo Waingereza walipata "horror" na "horrible". Halafu mbele yake kuna "ab", maana yake ni kutoka, kwenda mbali na kitu. Ukiunganisha unapata picha ya mtu anayeruka nyuma huku nywele zimemsimama. Fikiria umefunua sufuria asubuhi ukakuta panya ndani. Ile hatua moja unaruka nyuma kabla hata hujapiga nduru, hiyo ndiyo "abhorrent" kwa asili yake.

Sasa shika hapa, kwa sababu hapa ndipo penye mambo. Neno lilipoingia kwenye Kiingereza, karne ya 17, kwanza lilimhusu yule anayeruka nyuma. Mtu angeweza kusema yeye ni "abhorrent" kwa uongo, akimaanisha yeye anaukimbia uongo, hataki hata kuukaribia. Haikuchukua miaka mingi neno likahama. Likatoka kwa mtu likaenda kwa kitu. Siku hizi anayeitwa "abhorrent" si yule anayeruka nyuma, ni panya mwenyewe.

Kwa hivyo yule mtu ametoka kwenye sentensi. Zamani neno lilikulazimisha useme ni nani anayetetemeka. Leo unaweza kusema kitendo ni "abhorrent" na usitajwe popote, wala kama mtu aliyetetemeka, wala kama mtu aliyekitenda.

Halafu kuna matumizi. Kiingereza kina maneno mengi ya mshtuko na hayalingani. "Shocked" ni ya kila mtu. Unaweza kuwa "shocked" na bei ya unga, ama na habari ya kifo. Lakini "shocked" inamaanisha ulikuwa hujui, habari imekupiga ghafla. "Appalled" nayo ina mizizi yake kwenye neno la Kifaransa cha kale la kupauka, kuwa mweupe usoni kwa hofu. (Mimi na hii ngozi yangu nitapauka saa ngapi, lakini tuendelee.) "Abhorrent" haiko hivyo. Haihitaji ushangae. Haihitaji hata habari iwe mpya. Unaweza kuwa umejua jambo kwa miaka sitini, faili zake ziko kwako, na bado siku moja ukasimama ukasema ni "abhorrent" bila mtu kukuuliza, "Kwani ulijua lini?"

Angesema "shocked" angechekwa. Alama ya mshangao ingekuwa uongo wa wazi. "Abhorrent" inakupa uzito wa mshtuko bila lile swali la ulikuwa wapi.

Sababu nyingine ni kwamba hili neno bado lina nguvu. Maneno ya kutisha huchakaa, kila lugha. "Terrific" ya Waingereza zamani ilikuwa kitu cha kukutia hofu kuu, leo ni sifa, mtu anakuambia chakula chako ni "terrific". "Awful" ilikuwa kitu cha kukufanya uinamishe kichwa kwa uchaji, leo ni hali mbaya ya hewa. "Horrid", ndugu wa damu wa "abhorrent", mwanzoni ilimaanisha kitu chenye manyoya yaliyosimama, kikwaruzo. Kufikia riwaya ya Jane Austen inayoitwa Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817, wasichana wanalitumia kama sifa ya vitabu vya kutisha wanavyovitamani.

Na sisi tusijifanye. Angalia "noma". Angalia "mbaya". "Hiyo ngoma ni mbaya" maana yake ni wimbo mtamu. "Huyo mshambuliaji ni hatari" maana yake anafunga mabao. Hatari! Neno lile lile ambalo wazee wetu waliishi ndani yake miaka saba na zaidi, wakati wa hali ya hatari, ile wengine wao bado wanaita Emajensi. Ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, miezi minane tu baada ya mama yake Charles kupata habari kwamba amekuwa malkia, na habari hizo alizipatia hapa hapa Kenya, Februari mwaka huo. Ikaisha Januari 1960. Leo hatari ni sifa ya mchezaji.

"Abhorrent" haijapitia hayo kwa sababu haitumiki ovyo. Ni kama vile vikombe vya wageni kwenye kabati la sebuleni nyumbani kwa mama. Hakuna mtu anakunywia chai hapo siku ya kawaida. Akija askofu ama wakwe, ndiyo vinatolewa. Kwa hivyo nikubali hili: mgeni wetu hakututolea kikombe cha plastiki. Alitoa kile kizuri kabisa. Swali langu ni kama kulikuwa na chai ndani.

Sasa jaribu kutafsiri ile sentensi kwa Kiswahili uone vile inakusumbua. "Abhorrent" tutaiitaje? Ya kuchukiza mno? Ya kinyama? Waliosoma Biblia watasema chukizo, na ni neno zuri, zito. Lakini Kiswahili hakina vivumishi vingi vya mshtuko kama Kiingereza. Sisi mshtuko wetu uko kwenye vitenzi na kwenye mwili. Nimeduwaa. Nimepigwa na butwaa. Mwili umenisisimka. Nywele zimenisimama. Ukiangalia, yote yana mtu ndani yake. Yule anayetetemeka hatoki kwenye sentensi, ameshikwa na ile "ni" ya mwanzo.

Na ukija kwenye kitendo chenyewe, ni vile vile. "Tuliwapiga." Ile silabi ndogo ya "tu" inakushika shati. "Waliwapiga." Sawa, ni wao. Ni kweli hata sisi tunaweza kukwepa, tukasema "walipigwa" na tukanyamaza. Lakini Mswahili yeyote akisikia "walipigwa" anauliza papo hapo, "Na nani?" Ile sentensi ya Ikulu ilikuwa na ukatili uliotendwa dhidi ya Wakenya. Na nani? Hapo sentensi ilikuwa imeshafika mwisho.

Basi tujibu sisi.

Tarehe 3 Machi 1959, kwenye kambi ya Hola, kule Tana River, mahabusu waliokuwa wamekataa kufanya kazi ya lazima walitolewa nje. Kulikuwa na mpango uliopitishwa na wakubwa wa kuwalazimisha. Walinzi waliwapiga kwa marungu. Watu 11 walikufa na wengine wengi wakajeruhiwa vibaya. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema wamekufa baada ya kunywa maji. Maji, jameni! Uchunguzi wa miili ndio ulioonyesha kwamba ni kipigo. Miezi michache baadaye hata jina la mahali lenyewe likabadilishwa, Hola ikaitwa Galole. Jina la Hola lilirudishwa baadaye, tukiwa nchi huru.

Na usifikirie kwamba hao wakubwa walikuwa watu wasiosisimka. Hili ndilo linaniuma zaidi. Mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, aliwahi kuandika kwamba hali ya mahabusu Kenya inakumbusha Ujerumani ya Wanazi ama Urusi ya Wakomunisti, na akatumia neno "distressingly", yaani kwa namna ya kutia uchungu. Umeona? Kielezi cha mshtuko kiko hapo, kwenye karatasi, kwa mkono wa mkubwa mwenyewe. Lakini Juni 1957 mtu huyo huyo alimwandikia gavana, Evelyn Baring, kuhusu namna ya kuruhusu kipigo kwa sheria, na akamwambia kwamba ikiwa watatenda dhambi, basi waitende kimya kimya. Akakubali kuandika hiyo sheria. Miaka miwili hivi baadaye, Hola.

Kwa hivyo mtu anaweza kutetemeka kweli kabisa, nywele zisimame kweli, aliandike hilo neno, halafu achukue kalamu ile ile aendelee na kazi. Neno la mshtuko linakuambia msemaji anajisikiaje. Halikuambii atafanya nini.

Ni nini basi kilichosukuma mambo? Ukifuata historia utaona ni vitu vikavu. Nambari 11. Ripoti ya daktari. Tarehe. Usiku wa kuamkia 28 Julai 1959, bunge la Uingereza lilijadili Hola hadi saa za usiku wa manane, na mmoja wa waliosema kwa ukali ni Enoch Powell, mbunge wa chama tawala mwenyewe, ambaye hakuwa rafiki wa Mwafrika hata kidogo, miaka ya baadaye ndiye aliyekuja kujulikana kwa chuki yake dhidi ya wahamiaji. Hoja yake ilikuwa kwamba huwezi kuwa na kipimo kimoja cha uwajibikaji Uingereza na kingine Afrika. Alitaka kujua nani anabeba lawama. Hilo ndilo lililowatikisa, lile swali la nani.

Halafu miaka hamsini baadaye, 2009, wazee wetu watano wakaenda mahakamani London. Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi. Wambugu wa Nyingi alikuwa Hola siku ile, alipigwa na akanusurika. Hawakwenda na vivumishi. Walienda na miili yao na makovu yao, wakasema nani, wapi, lini, kwa kifaa gani. Kesi yao ndiyo iliyofanya serikali ya Uingereza ikiri, mwaka 2011, kwamba kuna maelfu ya faili za koloni zilizokuwa zimefichwa Hanslope Park. Oktoba 2012 Mahakama Kuu ya London ikasema kesi inaweza kuendelea hata baada ya miaka yote hiyo.

Tarehe 6 Juni 2013, waziri wa mambo ya nje William Hague alisimama bungeni akakubali kwamba Wakenya waliteswa na utawala wa kikoloni. Akasema serikali yake inajuta. Wakatoa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa watu 5,228, na mnara wa kumbukumbu ambao ulizinduliwa Uhuru Park mwaka 2015. Hata hapo waliendelea kukataa kwamba serikali ya leo ina dhima ya kisheria. Lakini linganisha. Huyo waziri naye alilitumia lile lile neno zito, "abhorrent", lakini alitoa pia kitenzi: waliteswa. Na mtendaji: utawala wa kikoloni. Na kiasi. Unaweza kusema kiasi ni kidogo, na mimi nitakubaliana na wewe, kwa sababu ukigawa, kila mtu anapata kidogo mno kwa maisha ya mtu. Lakini ni kitu unachoweza kukibishia. "Abhorrent" huwezi kuibishia. Utasema nini, kwamba haikuwa "abhorrent"?

Sasa kabla hatujamaliza kumcheka mgeni, tuje nyumbani, kwa sababu mzigo huu si wa Waingereza peke yao.

Usiku ule ule wa dhifa, Rais Ruto naye alikuwa na vivumishi vyake. Alisema jibu la wakoloni kwa mapambano ya Waafrika lilikuwa "monstrous" kwa ukatili wake. Zuri, na ni kweli. Lakini kumbuka kwamba katika Kenya huru, sheria ya kikoloni iliyopiga marufuku Mau Mau ilibaki kwenye vitabu vyetu mpaka Agosti 2003. Miaka 40 baada ya bendera kupandishwa! Marais wawili walipita wakihutubia kuhusu mashujaa kila Oktoba, huku kisheria mashujaa hao bado ni kundi haramu. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na hadi leo familia yake haijapewa mwili wa kuzika.

Na wale wa kwetu waliotendwa na serikali yetu wenyewe? Wagalla, Februari 1984. Hapo hakuna Mzungu wa kulaumiwa. Tarehe 26 Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta alisimama bungeni na akafanya kile ambacho Charles hakufanya: aliomba msamaha kwa niaba ya serikali, ya kwake na zilizotangulia. Akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 ya kuwafidia wahanga. Neno tulilolitaka tulilipata. Wahanga wengi wakazeeka wakisubiri hizo pesa, wengine wakafa.

Kwa hivyo siwezi kukudanganya kwamba angesema "samahani" mambo yangekuwa sawa. Sisi tumeshapewa samahani na tunajua inavyoweza kubaki hewani. Shoka husahau, mti hausahau, na mti hauponi kwa sababu shoka limepata neno tamu zaidi.

Ninachosema ni hiki. Tumezoea kupima hotuba kwa ukubwa wa maneno. Kiongozi akisema "nimeshtushwa", tunaandika kichwa cha habari. Akisema "ninalaani vikali", tunapiga makofi. Vijana wakipigwa risasi barabarani, taarifa inatoka jioni ikiwa imejaa vivumishi, na sisi tunabishana kama vilikuwa vikali vya kutosha. Hapo tumeshapoteza. Tumekubali kucheza kwenye uwanja wa hisia za msemaji, na hisia zake hazitusaidii kitu. Griffith-Jones alikuwa nazo.

Wakati mwingine ukisikia neno kubwa la mshtuko, kwa Kiingereza ama kwa Kiswahili, kutoka kwa mfalme ama kwa msemaji wa polisi, uliza mambo matatu. Nani alifanya? Alimfanyia nani, kwa jina? Na kesho asubuhi nini kitabadilika? Ukipata majibu, hata lile neno unaweza kulisahau, haina shida. Ukikosa hata moja, jua umepewa kikombe cha wageni kikiwa kitupu, na una haki ya kukirudisha mezani na kusema, asante, lakini bado nina kiu.

Babu na nyanya zetu waliokuwa Hola, Manyani, Mwea na Kamiti hawakuhitaji mtu wa kuwaambia kwamba waliyotendewa ni ya kusimamisha nywele. Hilo walilijua. Wachache waliobaki hai wanangojea kitenzi. Na muda wao unaisha.

Wewe unaonaje? Kama una mzee nyumbani aliyepitia hayo, mwulize angependa kusikia neno gani, kisha andika jibu lake na tarehe aliyokuambia.